Robo ya Percy

Zamani gari likiumwa lilipiga kelele na mtu akaliinamia kulisikiliza. Siku hizi linaumwa kimya, na kijana wa gereji anasoma ugonjwa wake kwenye kioo kama anayesoma ujumbe wa mchumba.

Wilf Hanslope alikuwa mtu wa zile siku za kuinamia. Nguvu zake zote alizimalizia kiwandani Coventry, mwisho kabisa wa mstari, pale ambapo yale magari madogo ya mbio, ya viti viwili na paa la turubai, yalikaguliwa kabla ya kutoka getini. Wenzake walifunga milango, walipaka rangi, walikaza magurudumu. Kazi ya Wilf ilikuwa sailensi: ule mlio wa chini wa gari lililosimama huku injini yake ikizunguka. Gari lisilo na sailensi nzuri, alisema, ni kama mgeni asiyejua kukaa kitako.

Chombo chake kilikuwa kipande cha bomba la mpira, cha urefu wa mkono. Ncha moja aliitia sikioni, ncha nyingine akaisogeza kwenye mdomo wa kabureta, pale injini inapovutia hewa. Kila gari lilikuwa na kabureta mbili, na kama moja inavuta hewa zaidi kuliko mwenzake, Wilf alijua, kama mama anavyojua ni pacha yupi anayelia chumba cha pili. Aligeuza skrubu kidogo huku, kidogo kule, mpaka pumzi mbili zikawa moja. Na kama injini ilikuwa inaiba hewa kwa pembeni, kwenye ufa au kwenye mpira uliochoka, aliipitisha ile ncha polepole mpaka akafika mahali panapozomea. Sss. Basi, mwizi kakamatwa.

Ng'ambo ya mstari alisimama Percy Loveridge, naye na mpira wake sikioni. Geji za kupimia mvuto wa hewa zilikuwapo, zimetundikwa ukutani, zimeota vumbi.

"Geji ni ya mtu asiye na masikio," Wilf alizoea kusema.

"Au mwenye mke anayemkataza kuyatumia," Percy alijibu, na wote wawili wakacheka mpaka msimamizi akageuka.

Kiwanda kikafungwa. Mahali pake wakajenga duka kubwa, na pale alipokuwa akisimama Wilf sasa pana friji la njegere zilizogandishwa. Muriel, mkewe, ambaye naye alishona viti vya magari hayo katika banda la cherehani, alizipenda njegere zile kwa sababu ni rahisi. Wilf hakuzila hata siku moja.

Walichobaki nacho wanaume wa kiwanda ni magari yenyewe. Wengi walijinunulia, wakayatunza kuliko walivyotunza meno yao, na kila Jumapili adhuhuri waliyapanga ukutani nje ya baa ya Punda Mweupe, boneti zikitazama barabara. Ndani palikuwa na bia isiyo baridi, pai za nguruwe na matusi ya upendo. Walikuwa na desturi moja tu ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja. Akifa mmoja wao, wanayapanga magari nje ya kanisa, na jeneza likitoka, kila injini iwe inaunguruma sailensi, chini kabisa, taratibu. Hakuna kuzima mpaka sauti ya gari la maiti iwe imepotea kule bondeni, ng'ambo ya daraja la mfereji. Ndipo aliye wa kwanza kwenye mstari anainua mkono, na wote wanazima kwa pamoja. Ndiyo sala yao. Ya mchungaji waliivumilia tu.

Na ole wake ambaye injini yake itazima yenyewe. Norman Tibbins ilimzimikia mara moja, jeneza likiwa linapita mbele ya taa zake. Tangu hapo kila alipoingia baa watu wote walinyamaza ghafla, glasi hewani, kisha wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi alikuwa Percy.

Sasa Percy alikuwa amekufa. Alikufa asubuhi, amesimama jikoni, akingoja mkate ubanikwe. Maziko yakapangwa Ijumaa ya wiki ya pili. Mjane akampigia Wilf simu na kumwambia, "Wewe ndiwe utakayekaa wa kwanza kwenye mstari. Alitaka hivyo." Na Wilf akajibu kwamba ndiyo, hilo halina neno. Lakini gari lake lilikuwa linazima.

Tuseme kweli: lilikuwa na vituko vyake tangu zamani. Jumapili asubuhi lilitoka nyumbani likikohoa, mpaka avute choki ya kuliongezea petroli, lakini Wilf alisema gari la umri ule haliamki bila kukohoa, kwani yeye mwenyewe hakohoi? Jumapili jioni lilirudi limechangamka, sailensi iko juu, linaunguruma kama limetukaniwa mama. Jumatatu Wilf anafungua boneti, anaishusha skrubu mpaka mshale wa mizunguko ufike kwenye ile namba ya kiwandani, maana namba ni namba. Jumapili ijayo, yale yale. Alilaumu petroli ya siku hizi, iliyochanganywa pombe ya ngano kana kwamba gari nalo linakwenda harusini. Alilaumu na uwanja wa Punda Mweupe, ulio bondeni, penye unyevu. Alipomweleza Percy nadharia hiyo, Percy aliitafakari sana bia yake.

"Hewa ya pale ni nzito kweli, Wilf," alisema.

Lakini tangu Percy afe, hakuna aliyekwenda baa, na gari lilikuwa halichangamki tena. Lilimzimikia kwenye taa za barabarani mbele ya duka la njegere, likamzimikia tena akigusa breki, na kijana mmoja mwenye gari la umeme akafungua dirisha na kumuuliza, "Babu, nikuitie jumba la makumbusho?"

Basi Jumatano hiyo ya wiki ya maziko Wilf akaingia bandani kwake, akafungua boneti, akavaa koti lake la bluu la kiwandani. Akasafisha plagi. Akatazama muda wa cheche, uko sawa. Akabadilisha chujio la petroli, ingawa la zamani lilikuwa safi. Kisha akachukua ule mpira, ule ule wa siku zote, mweusi, uliolainika kwa nta ya sikio lake mwenyewe, akawasha injini na kuupitisha kila mahali: chini ya kabureta, kwenye viungo, kwenye mipira midogo. Hakuna kinachozomea. Akarudia. Kimya. Injini ikatetemeka, ikapanda, ikashuka, ikafa.

Muriel akaingia na chai na mkate wa nyama ya nguruwe.

"Iwashe tena," alisema.

"Ya nini?"

"Iwashe tu, mzee."

Akaiwasha. Muriel akainamisha kichwa kama kuku anayesikia mwewe.

"Linazomea."

"Nini kinazomea?"

"Gari lako. Kama birika linalokaribia kuchemka."

"Hakuna kinachozomea, Muriel. Nimepita kila mahali na mpira."

"Basi ni nyoka," Muriel alisema, akaweka chai juu ya boksi la vyuma, akatoka.

Wilf akaitazama chai ile kwa hasira. Mwanamke hajawahi kuinamia injini maishani mwake, anakuja kumwambia yeye habari ya kuzomea! Akaula mkate. Akauchukua tena mpira, na safari hii akausukuma ndani ya sikio mpaka akaumia. Akasikia mngurumo, mzito, wa chini, kama bahari iliyo mbali. Juu ya mngurumo ule hapakuwa na kitu.

Kesho yake asubuhi akafika Stan Attwell. Stan alikuwa wa rangi kiwandani, mtu mwema, ambaye kwa maoni ya Wilf hakuwa na haki ya kufungua boneti isipokuwa kwa kuipiga brashi. Kwapani alikuwa na geji mpya ya kupimia mvuto, bado iko kwenye plastiki yake.

"Hiyo iache nje," Wilf alisema. "Mvua itainyeshea, haina neno."

"Kesho tunamzika Percy, Wilf. Acha ukaidi siku moja tu."

Akaiunganisha. Injini ikawashwa, na mshale wa geji ukaanza kutetemeka, ukicheza chini ya mahali pake kama kidole cha mlevi kinachotafuta kitasa.

"Inavuta hewa mahali," Stan alisema.

"Geji yako ni mbovu."

"Ni mpya."

"Mpya ndiyo mbovu. Mpira umesema hakuna kitu."

Stan akaizima injini. Akaivua kofia, akaigeuza, akatazama ndani yake kama kuna maandishi.

"Wilf, mpira umesema. Sikio limesikia nini?"

Wilf akautia mpira mfukoni mwa koti.

"Sikia, bwana," Stan alisema, kisha akaona alivyosema, akajikohoza. "Unakumbuka lilivyokuwa likirudi limechangamka kila Jumapili?"

"Hewa ya bondeni."

"Ni Percy."

"Percy kafanyaje?"

"Robo. Kila Jumapili. Wewe ukienda kaunta kuagiza, yeye anatoka, anasema anakwenda kujisaidia, bisibisi iko mfukoni. Anafungua boneti yako, anakugeuzia skrubu robo ya mzunguko, lipate kusimama bila kuzima. Anafunga. Anarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu kile kipupwe Norman alipovunjika nyonga. Alisema gari lako linazomea na wewe husikii."

Wilf alikaa juu ya ndoo.

"Na ninyi mlijua?"

"Baa nzima ilijua. Yule mama wa kaunta alikuwa anaichelewesha bia yako makusudi, Percy apate nafasi."

"Nilidhani ni mzito wa mikono."

"Yule? Ana mikono ya umeme, yule."

Wilf akawaza. Jumapili Percy anapandisha, Jumatatu yeye anashusha. Kipupwe baada ya kipupwe, watu wawili wanavutana blanketi moja, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Na chini ya blanketi mwizi yule yule anavuta hewa yake kwa raha, hakuna anayemgusa, kwa sababu kumgusa kungekuwa ni kusema neno.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje?" Stan aliuliza, akionekana kushangaa kweli. "Aseme, 'Wilf, rafiki yangu, umekuwa kiziwi'? Wewe, mbele ya watu? Mambo kama hayo hayasemwi."

Na hilo Wilf alilielewa, maana hata yeye asingelisema. Zamani watu wa pale walikuwa wanaweza kukuchekea suruali yako, mke wako, timu yako na mazishi ya mama yako, lakini kitu cha kweli walikifunika kwa kitambaa na kukizungukia kwa miaka. Ulikuwa ni upole. Siku hizi kila mtu anasema kila kitu kwa kila mtu, na hakuna anayekufungulia boneti kwa siri.

"Nenda zako na geji yako," alisema Wilf.

Stan akaenda. Ila geji aliiacha juu ya boksi, karibu na kikombe cha jana.

Muriel alikuwa anamenya viazi. Wilf akasimama mlangoni mwa jikoni na buti zake chafu, jambo ambalo kwa kawaida lingeleta vita.

"Wewe ulijua?"

Hakujifanya hajui anaulizwa nini. "Nilikuwa banda la cherehani, Wilf. Cherehani zote zile zinapiga, ungesikia nini? Sisi wanawake tulizungumza kwa midomo. Mtu anayesoma midomo namjua hata nikiwa usingizini. Wewe siku moja ulianza kunitazama mdomo kila nikisema." Akalitupa ganda. "Mwanzoni nilijidanganya kuwa mapenzi yamerudi."

Wilf akajaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka kupitia puani.

"Nusu ilikuwa hivyo," alisema.

"Nusu ndogo."

Kisha akafanya jambo ambalo hata Percy hakuwahi kufanyiwa. Akautoa ule mpira mfukoni mwa koti na kumnyooshea mkewe.

Muriel akauchukua kwa vidole viwili. "Kwanza huu unakwenda kwenye sabuni," alisema.

Wakatoka pamoja. Akamvalisha koti la zamani, akamwonyesha mahali pa kushika, pa kutoshika, na feni iko wapi isije ikamla mkono. Akaiwasha injini akiwa ameweka mguu kwenye pedali, akiishikilia isife. Muriel akatia mpira sikioni, uso umekunjamana kama anayeonja maziwa asiyoyaamini, akaanza kupita.

"Hapa hakuna. Hapa panapumua tu. Hapa... hapa hakuna."

"Polepole."

"Mimi ndiye ninayesikia, wewe kanyaga."

Akainama zaidi, nyuma ya injini, upande wa dereva. Kisha mkono wake mmoja ukapanda juu na kubaki hewani, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Huyu hapa! Jamani, huyu hapa anazomea!"

Wilf akaja. Ulikuwa mpira mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye kile kikopo kinachosaidia breki, na pale unapopinda, upande wa chini, upande usioonekana na mtu yeyote, ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama tabasamu. Ndiyo maana lilizima akigusa breki. Kitu ambacho angekikamata kiwandani huku akiongea habari za mpira wa miguu. Akaubana ule ufa kwa vidole vyake viwili. Injini ikainuka, ikajikusanya, ikatulia. Hakuisikia, aliihisi ikipanda kwenye bamba la gari mpaka tumboni mwake.

Mpira mpya hakwenda kuutafuta dukani, maana dukani wangemuuliza namba ya kitu ambacho hakijatengenezwa tangu muuzaji azaliwe. Alikuwa na pande lake kwenye debe, alilolichukua wiki ile kiwanda kilipofungwa, kila mtu alipochukua alichoweza kubeba. Akakata, akavika, akakaza. Halafu Muriel akaweka ncha kwenye kabureta moja, kisha nyingine.

"Ya kushoto inakoroma kama wewe. Ya kulia inakoroma kama mimi."

"Wewe hukoromi."

"Nani kakuambia? Huwezi kunisikia."

Wakazisawazisha, yeye akigeuza, Muriel akisema zaidi, zaidi, rudi, basi. Sailensi ikakaa kwenye namba ya kiwandani. Mshale wa geji ya Stan, ambayo Wilf aliiunganisha baadaye Muriel alipokwisha kuingia ndani, ulisimama wima bila kutikisika. Akaizima, akairudisha kwenye plastiki yake, akaifunga vizuri isije ikaonekana imetumika.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kutoka, akiwa na suti nyeusi na tai, akafungua boneti kwa mara ya mwisho na kuingiza bisibisi. Muriel akamwuliza kilichoharibika ni nini.

"Hakuna kilichoharibika. Namwekea Percy robo yake."

Mbele ya kanisa wakapanga magari kwenye mteremko, la Wilf la kwanza, la Stan la pili, la Norman Tibbins la tatu, Norman mwenyewe ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya farasi. Nyimbo zikaimbwa. Mlango ukafunguliwa, na Wilf akawasha, na nyuma yake wakawasha mmoja mmoja. Jeneza likapita mbele ya taa zake. Akaweka kiganja juu ya mkono wa gia, na chini ya kiganja injini ilikuwa inapumua sawasawa, haipandi, haishuki, kama mtu aliyelala bila deni. Akamtazama Muriel pembeni yake. Muriel akaitikia kwa kichwa.

Wakaliingiza jeneza garini. Gari la maiti lilikuwa jipya, refu, jeusi. Likaondoka.

Na halikutoa sauti yoyote. Lilikuwa la umeme. Liliteleza tu kuelekea bondeni kama trei kwenye meza iliyopakwa nta, likapinda kona, likapotea.

Wazee wakakaa kwenye magari yao, injini zinaunguruma. Walikuwa wanangoja sauti ipotee, na sauti haikuwapo toka mwanzo. Imefika wapi? Imevuka daraja? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzima, Percy akiwa labda bado yuko njiani. Dakika zikapita. Mchungaji akatazama saa. Mishale ya joto la injini ikaanza kupanda. Wilf akageuka nyuma, akamwona Stan amekinga kiganja sikioni, akamwona Norman naye amekinga, na nyuma ya Norman mwingine, na mwingine, mstari mzima, wazee wenye viganja masikioni wakisikiliza kwa bidii zote. Ndipo akaelewa kwamba hata lingekuwa la petroli, la moshi na bomba lililotoboka, hakuna hata mmoja wao ambaye angelisikia.

"Limeshavuka daraja kitambo, Wilf," Muriel alisema karibu na uso wake, akitamka vizuri kwa midomo.

"Najua," Wilf alisema, naye hakujua.

Akaiacha iungurume kidogo zaidi. Robo ya Percy ilikuwa inakaa vizuri, na gari halikuwahi kupumua vile tangu litoke getini.

Kipupwe kilichofuata Punda Mweupe iliuzwa ikafanywa vyumba vya kupangisha, Stan alihamia kwa binti yake pwani, gari la Norman lilinunuliwa na daktari anayeliweka chini ya shuka, na waliobaki walizikwa mmoja mmoja bila mstari wowote, kwa magari yasiyo na sauti. Kwa hiyo mara ya mwisho Wilf alipowaona wote ilikuwa ni pale mteremkoni, kwenye kioo chake kidogo cha nyuma: vichwa vyeupe juu ya boneti zinazotetemeka, wote wamemkazia macho, wanangoja ainue mkono.

Akauinua.